Dume Aliyeuchuna Mti wa Mwanangu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipouliza kama aje Jumamosi na upinde wake amlaze yule dume wa kulungu nyuma ya nyumba yangu hapa Annandale, ughaibuni, nilipaswa kukataa. Nilimwambia njoo, tena njoo mapema.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuwatazama kulungu. Tangu tumzike kifunguamimba wetu tulikuwa tumekosa la kuzungumza, ila asubuhi, majani yanapopukutika na madume kuanza kuwafuata majike, aliniita dirishani. "Njoo, bwana harusi amefika." Dume alikuja na shingo iliyovimba, pua chini, mdomo wa juu ameukunja, na jike mbele yake akijifanya hajui lolote.

"Mwone anavyojikausha," alisema mke wangu. "Nawe ulinifuata hivihivi kutoka kanisani."

Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee tuliyoambiana mpaka usiku. Niliyashikilia.

Kisha dume akajisugua pembe kwenye mtufaha tulioupanda kwa ajili ya mwana wetu huyo tuliyemzika. Madume hufanya hivyo msimu huo, kuweka alama. Nilijua. Lakini nilipoona gome limening'inia kama ngozi ya mbuzi anayechunwa, nilimchukia kama mtu anavyomchukia mtu. Kila asubuhi alirudi, akaparura ardhi kwa kwato, akajikojolea miguu ya nyuma, akatamba. Nami nilisimama nyuma ya kioo nikimpangia kifo.

"Baba watoto, mnyama hajui msiba," mke wangu alisema.

"Nitamjulisha."

Nimekulia kwenye ng'ombe, nilijiona fundi. Nilinunua magadi katika duka la Waafrika kule Silver Spring, nikamdanganya mke wangu kuwa ni ya kuchemshia kunde, nikayamwaga karibu na uzio. Jike angekuja kulamba, na dume angemfuata jike.

Jumamosi shemeji alifika amevaa nguo za rangi ya majani.

"Shemeji, umevaa kama kichaka."

"Kichaka kitakachokulisha nyama. Nyamaza sasa."

Tuliketi kwenye baraza ya mbao. Jike alitokea na mwanawe wa mwaka ule, yule jike ambaye mke wangu alizoea kumwita jirani. Alianza kulamba. Dume alisimama nyuma yake kati ya miti, akinusa.

"Ngoja asogee," shemeji alinong'ona.

Dume akageuza kichwa. Nilidhani anaondoka, na sikuweza kuvumilia aondoke. "Piga!" nikasema. Mshale ukatoka, na jike akainua kichwa akapiga hatua moja mbele ya dume. Ulimwingia jike ubavuni. Alikimbia hadi kwenye uzio, akapiga magoti, akalala. Dume alishtuka, akaruka kando. Kisha akarudi na kuanza kumnusa, maana msimu ule hana akili nyingine.

Niligeuka. Mke wangu alikuwa dirishani, ameona yote. Hata hivyo nilimwambia shemeji, "Weka mwingine. Huyo hapo, amesimama."

Mke wangu akafungua dirisha. "Hata sasa?"

"Hata sasa," nilimjibu.

Shemeji akashusha upinde. "Hapana, shemeji. Inatosha," akasema, akamtazama dada yake.

Jioni ile binti yetu alikuja kutoka Adelphi kumchukua mama yake. Nilidhani ni kwa wiki moja. Nimempigia mke wangu simu, nimeomba radhi, nimewatuma wazee wa kanisa. Huwa ananijibu kwa heshima, ananiuliza kama nimekula, basi.

Dume bado yuko. Namwona akipita na bado namchukia, na chuki hiyo haijamrudisha mwanangu hata kwa ndoto. Mke wangu amesema hatarudi tena kuishi nami, na ni mtu wa neno lake. Kukubali shemeji aje na upinde kulinipotezea mke.