Timu ya Simu

Ifahamike kwa wote kwamba hakuna mgonjwa wa saratani atakayehangaika peke yake nyumbani na maudhi ya dawa. Kila atakayepiga simu katika saa za kazi atapokewa mara moja na Timu ya Wauguzi wa Simu, atasikilizwa na ataelekezwa ipasavyo. Ndivyo lilivyosema tangazo la hospitali. Lilisomwa mbele ya utepe, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa.

Timu inakaa katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia mashuka. Ina meza moja, simu moja, daftari la mistari, na kiti ambacho sponji yake imeanza kuchungulia nje. Wanatimu walikuwa wawili. Mmoja aliazimwa na wodi ya wazazi kwa muda mfupi, na huo muda mfupi sasa unaingia mwaka wa tatu. Aliyebaki wagonjwa wanamwita Sista Simu. Ana miaka arobaini na sita, miguu inayovimba ikifika saa nane mchana, na sikio la kushoto ambalo siku zote lina joto kuliko la kulia.

Huulizwa mambo ambayo mtu huona haya kumwuliza daktari aliyesimama. Mmoja anataka kujua kama nyusi zitaota zilezile. Mwingine leo ni siku ya tano hajaenda choo, na anapiga akiwa ofisini, wenzake wakisikia, kwa hiyo anaripoti kwa sauti ya kikazi kwamba mzigo bado haujatoka. Sista anamwelekeza namna ya kuutoa. Kufika jioni hana neno lililobaki la kwenda nalo nyumbani. Mumewe huwaambia majirani kwamba akitaka kuongea na mkewe, itabidi kwanza augue.

Wapo ambao hawasubiriwi wapige. Siku ya kumi baada ya dripu ya kemo, dawa ya saratani, kinga ya mwili inapokuwa imeshuka kabisa, Sista ndiye hupiga, maana homa ya siku hizo inaweza kummaliza mtu kabla ya kesho yake. Jumatano moja, saa sita mchana, ilikuwa zamu ya Mama Cherehani, fundi nguo mjane anayeishi na mkwe wake, mke wa mwanawe.

Sista akaamkia, akaitikiwa. Hali? Nzuri tu. Chakula? Kinapita. Joto? Thelathini na sita na nusu. Alilitaja kama mtu anayesoma kiuno cha mteja, na kalamu ya Sista ilikuwa imeshagusa daftari.

Lakini cherehani haikusikika. Mama huyu hajawahi kumsimamishia mtu cherehani yake. Maongezi yao yote ya nyuma yalikwenda na mlio wake. Sista akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba anapumzika kidogo. Akauliza amevaa nini.

"Sweta."

Nje palikuwa na jua la kukausha mashuka kwa nusu saa.

"Mama, umemeza nini kabla ya kupima?"

"Vidonge vya homa. Viwili tu, alfajiri. Na viwili saa tano."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Kwa sababu nikisema nina homa mtaniahirisha. Mmeshaniahirisha mara mbili. Nimebakiza mizunguko miwili ya dripu, Sista, nataka nimalize nikae zangu."

Sista alijipangusa uso kwa kiganja. "Nitakuahirisha, ndiyo. Sikudanganyi. Kuahirisha nimezoea kuandika. Lile jingine nimechoka kuliandika."

"We mtoto una mdomo."

"Nipe mkwe."

Mkwe aliambiwa kwamba si kesho, wala si baada ya kumaliza sare za watu, ni sasa hivi. Na kwamba wakifika mapokezi ya dharura waseme "kemo na homa" kabla hata ya kusalimia, la sivyo watawekwa kwenye foleni na wenye vifundo vilivyoteguka. Kisha Sista akapiga mapokezi kuwaambia mgonjwa yuko njiani. Wakasema daktari amekwenda kula. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, daktari akawa ameshiba.

Zamu yake iliisha saa tisa na nusu. Alikaa hadi saa kumi na moja, miguu juu ya boksi la glovu, mkwe alipopiga: vidonge vimeisha nguvu, joto limefika thelathini na tisa na pointi mbili, dripu ya dawa inaingia, daktari anasema wamewahi. Na Mama anauliza, siku za kuahirishwa zinahesabiwa kuanzia leo au kesho?

Msimamizi wa wauguzi alipopata habari alifurahi sana. Aliandika barua ya kuipongeza Timu, na kama shukrani akampa Sista mapumziko ya Ijumaa, ya kwanza katika miezi minne. Sista alilala hadi saa nne asubuhi.

Jumatatu, kioo kidogo cha simu kilionyesha kwamba siku ya Ijumaa simu ilikuwa imeita mara kumi na tisa bila kupokewa.