Kopo Lililozunguka Watu Wote

Hebu mfikirie akiingia. Kwanza unasikia kopo la bati likicheza mfukoni mwa gauni. Halafu unaiona futi ya kupimia nguo, imening'inia shingoni. Mwisho ndipo anafika mwenyewe, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mnene wa mwili na mwembamba wa miguu, anakohoa mlangoni badala ya kubisha. "Mpo, au mmehama bila kuniaga?"

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya kukanyaga, kioo kirefu chenye ufa, na vipande vya vitambaa vilivyojazana hadi chini ya kiti. Nguo iliyotoka kwake uliijua hata ukiwa umefumba macho, maana ilinukia karafuu. Kupima watu ni kazi ya kusogeleana: unamzungushia mtu futi kifuani, uso wako uko chini ya kidevu chake, na pumzi zenu zinakutana mpende msipende. Ndiyo maana asubuhi aliutafuna mswaki wa mti mpaka ncha ikawa nyuzinyuzi, na mchana akashinda na karafuu shavuni. Mwenye fizi za kutoka damu alimchemshia majani ya mpera, yakipoa anasukutua na kutema uani. "Usimeze! Si supu hiyo!"

Lakini watu walimpendea zaidi namna alivyoitoa dawa yake. Kumwambia mtu mzima kwamba kinywa kinamnuka ni kama kumvua nguo mbele za watu, na shangazi hakuwahi kumwambia yeyote. Akihisi harufu, alifungua kopo lake la karafuu na iliki, akaanza kujitilia mdomoni mwenyewe, kisha akalipitisha kwa kila aliyekuwepo, hata mpita njia aliyeingia kuomba maji.

"Tafuneni, tafuneni! Mmekaa kama mko msibani!"

Tulitafuna sote, mwenye shida akatafuna nasi, na hakuna aliyejua ni nani.

Mwaka mmoja akashikwa na mafua makali. Yalipoondoka, yaliondoka na pua yake. Hakunusa tena kitu. Karafuu ikawa kwake kama kutafuna njiti ya kiberiti, basi akaliweka kopo juu ya kabati na kulisahau. Na huko nyuma mdomoni, gego la chini likaanza kuoza kimyakimya.

Wateja wakaanza kupungua. Waliokuja kupimwa waligeuza shingo dirishani kana kwamba kuna harusi inapita, na hawakurudi. Shangazi alidhani ni mkono wake. Akawa anafumua mishono iliyonyooka na kuishona upya. Jioni moja akamwambia mama yangu, "Wifi, nimezeeka. Nikimaliza nguo hizi, cherehani naiuza."

"Sema tu unataka kuhamia kwangu ule bure," mama akamjibu. Mawifi hawa walikuwa wa kutupiana maneno tangu mama alipoolewa. Lakini siku hiyo mama hakucheka. Nyumbani tulijua sote. Baba alijua pia, ila mchango wake ulikuwa mmoja tu: "Mwambieni ninyi wanawake."

Jumapili mama akatubeba sote mpaka kwa shangazi. Mteja mmoja alikuwepo, amefuata sketi yake. Mama akapanda kiti, akalishusha kopo, akalipangusa vumbi kwa upindo wa gauni. Akatia karafuu mdomoni mwake kwanza. Akampa baba, akanipa mimi, akampa mteja. Mwishoni akamfikia mwenye kopo, akapaza sauti:

"Tafuneni, tafuneni! Mmekaa kama mko msibani!"

Mkono wa shangazi ukasimama hewani. Akatazama mashavu yetu, moja baada ya jingine. Kisha akachukua karafuu yake na kutafuna taratibu, mpaka mteja alipoaga.

"Ni mimi," akasema.

Mama akaendelea kutafuna.

"Wifi, nakuuliza. Ni mimi?"

"Na wiki niliyoletwa hapa bibi harusi, nilikuwa mimi. Unadhani sikujua kopo lilizunguka kwa ajili ya nani?"

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Wewe ulikuwa wa kwanza kutafuna. Ningekasirika vipi?"

Shangazi alijifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka. "Kwa hiyo si mishono yangu?"

"Mishono yako haina neno. Mwenye neno ni wewe."

Karafuu ilimtuliza maumivu, majani ya mpera yakamtuliza fizi, lakini jino lenyewe lilimpeleka kwa daktari wa meno. Alirudi shavu limevimba, akidai kopo lake. Cherehani haikuuzwa. Iliendelea kulia mle chumbani mpaka mwaka aliotutoka.

Siku hizi kopo liko kwetu, na mama hulipitisha wageni wakija. Nikilisikia likifunguliwa, namwona shangazi mlangoni, anakohoa. Juzi mama alilifungua tukiwa wawili tu, yeye na mimi. Akatafuna kwanza, akanisogezea, kisha akageuka kutazama dirishani. Karafuu nilichukua, nikatafuna. Lakini hebu niambie wewe: watu wakiwa wawili tu, kopo linazunguka kwa ajili ya nani?