Darasa Lililokuwa Shambani

Wiki jana shangazi aliniomba nimsindikize yeye na bintiye kukagua shule ya upili ya kibinafsi karibu na Chepseon. Alikuwa amesikia karo yake ni nafuu, kwa hivyo tulibeba na sanduku la binti kabisa. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kwetu nahesabiwa kuwa msomi.

Mwalimu mkuu alitukaribisha vizuri. Nikaomba kuona kidato cha kwanza. Mabegi yalikuwa juu ya madawati, lakini hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Akafungua dirisha, akanyoosha mkono. Nikachungulia. Darasa zima lilikuwa katikati ya shamba la chai, sare mwilini, vikapu mgongoni.

"Hiyo ni Kilimo kwa vitendo," akasema akitabasamu. "Kila siku baada ya chakula cha mchana."

"Shamba ni la shule?" nikauliza.

"Ni langu, lakini wanajifunza."

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Angalau hawazururi. Wewe msomi, unaonaje?"

Bintiye alinitazama mimi, si mama yake.

"Shangazi, mimi nilitolewa shule nikachume chai, na mwisho wa mwezi nalipwa. Huyu utamlipia karo ndio achume."

Mwalimu mkuu akaanza kueleza habari za silabasi. Shangazi hakungoja amalize. Aliinama, akajitwika sanduku.

Wazazi, mkionyeshwa madarasa na mabweni, ombeni pia dirisha lifunguliwe.