Mahari Hapa ni pa Miti

Mlima ulio juu ya shule yetu, huku Keza, uliungua kiangazi kilichopita ukabaki mweusi kama sufuria ya makande. Watu wakasema msitu umekufa. Nisingeweka matanga, ila chemchemi tunayochota maji iko chini yake. Ikikauka, tutabeba ndoo hadi bondeni, na mimi na ndoo hatupatani. Mwalimu wa baiolojia alipotafuta wa kulinda ule mteremko, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Darasa zima lilinitazama kama mgonjwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kisiki cha myombo nilichodhani ni mkaa kikatoa majani mekundu, laini kama sikio la mtoto. Kumbe moto ulipita juu tu, mizizi ikajinyamazia. Nyasi nazo zikaota, na nyasi mbichi huita ng'ombe. Walipita mara moja tu, wakang'ata nusu ya machipukizi yangu. Ndiyo, yangu.

Nikatafuta ubao, nikaokota mkaa wa hukohuko, nikaandika: MAHARI HAPA NI PA MITI. Kwetu Wahangaza, l na r ni mapacha. Hata mama yao huwachanganya.

Kesho yake mfugaji mmoja mzee, Msukuma, akasimama mbele ya ubao na kundi lake nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeandika mahari hapa, nami nimeleta ng'ombe. Bibi harusi yuko wapi?"

Rafiki yangu niliyekuja naye alicheka mpaka akakaa chini, msaliti yule. Masikio yaliniwaka moto, lakini nikajiambia: hapa sitoki. Nikampeleka mzee kwenye kile kisiki, nikapiga magoti, nikapangusa majivu.

"Huyu hapa."

Akainama, akagusa jani kwa kidole. "Mbona hafiki hata gotini?"

"Ndiyo maana, mzee. Bado mtoto. Ukimtolea mahari sasa, unafungwa."

Mzee akacheka hadi kofia ikadondoka. Akapiga mluzi, ng'ombe wakageuka kushika njia ya pembeni.

"Akifika gotini uniite!"

Mwalimu alinitaka nisahihishe ubao. Nikakataa, ile r inalinda kuliko uzio.

Jumamosi nimepanda mlimani kuupima ule mti. Umefika gotini, lakini pangu. Nimeamua tutatumia goti la mzee. Yeye ni mrefu.