Homa ya Injini ya Kapteni

Juzi gari langu lilinizimikia karibu na Soko la Toi, jua la saa nane likiwaka kwelikweli. Fundi kijana akaja na kompyuta yake, akaichomeka chini ya usukani, akatikisa kichwa. "Madam, ni koili, ile inayotia plagi cheche. Ikishika moto inakata." Nikacheka mpaka akaniangalia vibaya. Ningemweleza nini? Kwamba nyanya yangu, ambaye hata betri za redio alibadilishiwa, aliwahi kuugundua ugonjwa huo kwa mkono mtupu, si mbali na hapo, miaka ya tisini?

Tulikaa Kisumu Ndogo, Kibera, vyumba kumi kuzunguka ua mmoja. Nyanya aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na ploti nzima ilimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Jirani yetu alibeba mawe kwenye majengo ya watu, lakini tulimwita Kapteni kwa sababu alikuwa amenunua injini ya mashua. Si ile ya kuning'inizwa nyuma. Ni ile kubwa inayokaa tumboni mwa chombo. Ilikuwa kuukuu, imefungwa kwenye mbao katikati ya ua, na ziwa lenyewe liko safari ya usiku kucha. Wageni wakiuliza ni ya nini, mama wa chumba cha tano alijibu, "Tunangoja mafuriko."

Kapteni hakuwa mwendawazimu. Kwao ziwani kulikuwa na mzee mwenye mashua isiyo na injini. Walikubaliana kwamba mzee angekuja Nairobi Jumapili ya mwisho wa mwezi, na injini ikinguruma saa nzima bila kuzima, wangevua pamoja. Ikizima, mzee angetafuta mtu mwingine, na Kapteni angeendelea kubeba mawe hadi mgongo ukatike.

Basi aliijaribu kila asubuhi. Injini ya mashua hupozwa kwa maji ya ziwa, na ziwa letu lilikuwa pipa. Mpira mmoja ulifyonza maji, mwingine ukayarudisha yakiwa na joto. Mwanzoni akina mama walinung'unika kwamba injini inaoga kuliko binadamu. Kisha ikaja Julai na baridi yake, mtu akatia mkono ndani ya pipa, na manung'uniko yakaishia hapo. Watoto wote tukapanga foleni na makarai. Wewe uliyewahi kuoga maji baridi asubuhi ya Julai unanielewa. Shuleni mwalimu alininusa, akauliza kama nyumbani tunauza petroli.

Shida ni kwamba ilikuwa inazima. Ilinguruma kama dakika ishirini, ikakohoa, kimya. Kapteni akamwita fundi wa waya za magari kutoka Kawangware, mtu wa maneno mengi na bisibisi moja. Siku ya kwanza akabadilisha plagi. Injini ikawaka, akashangiliwa, akala ugali kwa omena za nyanya. Hajafika barabarani, imezima. Siku ya pili akalaumu pointi, ya tatu betri, ya nne distributa. Kila mara iliwaka akimaliza kazi, kila mara alikula, na kila mara ilizima akishaondoka. "Buda, hii injini imenizoea," alimwambia Kapteni. "Haitaki niende."

Naona haya kukiri, lakini mimi nilikuwa naomba isipone. Ikipona itaondoka na maji yake ya moto, na Kapteni pia, ambaye nilimpenda. Jumapili yenyewe nilifumba macho kanisani nikamwambia Mungu waziwazi: izime.

Mzee alifika mchana, amevaa koti la suti na ndala. Akaketi kwenye kigoda, akavua saa, akaiweka gotini. Injini ikawaka vizuri. Dakika ya ishirini na mbili ikakohoa. Kapteni akageuza ufunguo, akageuza tena. Fundi akasema ni distributa. Mzee akaanza kuvaa saa yake.

Nikamkimbilia nyanya, aliyekuwa akipepeta omena nyuma ya nyumba, nikilia. "Dani, ni mimi! Niliomba izime!"

"Mungu ana foleni ndefu," akasema bila kuinua kichwa. "Ilizima ikiwa baridi ama ikiwa na joto?"

"Joto. Ni hivyo kila siku. Ikipoa inaamka."

Akaweka ungo chini. "Na huyo fundi amemaliza omena zangu wiki nzima! Si hiyo ni homa?"

Akaja uani na karai la maji na kipande cha leso. Akaipapasa injini kwa mgongo wa mkono, vile alivyotupapasa tukiugua, hadi akafika kwenye kimkebe kilichofungwa ubavuni. Hapo akaurudisha mkono haraka.

"Dani, hii ni mashini, si mtoto," fundi akasema.

"Wewe ngoja ugali wako."

Akakizungushia leso iliyolowa, akasubiri, akailowesha tena, kisha akamwambia Kapteni awashe. Ikawaka! Ua mzima ukapiga kelele, isipokuwa fundi, aliyekuwa akikikodolea macho kile kimkebe. "Koili," akasema polepole. "Ai! Kumbe ni koili."

"Sasa huko ziwani nitabeba huyu mama na karai lake?" mzee akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Fundi akaenda mbio Kawangware, akarudi na koili ya teksi kuukuu, akaifunga kwenye ubao, mbali na joto. Injini ikanguruma saa nzima na zaidi, kwa sababu mzee alisinzia na hakuna aliyethubutu kuizima.

Alhamisi lori likaja. Ijumaa asubuhi nilitoka na karai langu, nikakuta wenzangu wamepanga foleni kwa mazoea mbele ya doa la mafuta. Nilioga maji baridi nikilia kwa sauti. Nyanya akanisugua mgongo akasema, "Mtoto akipona hukaa kitandani?"

Baadaye Kapteni alimtumia samaki, na karatasi iliyosema kwamba mgonjwa hajapata homa tena. Nyanya alitaka nimsomee karatasi ile mara tatu. Koili mbovu aliitumia kugandamizia gunia la omena hadi alipofariki. Ua ule haupo tena. Siku hizi nabonyeza swichi napata maji ya moto, naoga peke yangu, na sinuki chochote ila sabuni.

Basi juzi, yule fundi kijana alipofungua boneti, mkono wangu ulitangulia wenyewe, kwa mgongo wake. Koili ilikuwa inaunguza.

"Pole," nikaiambia, na yule kijana akafunga kompyuta yake.