Aliyekula Mbaazi Zangu Kibokoni

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba mwanamume akikizunguka kisiwa cha Mombasa kwa baiskeli Jumapili tatu mfululizo, asile kitu wala asijibu salamu ya mtu njiani, basi mwanamke amtakaye hatamtazama mwanamume mwingine hadi Kiyama. Cheka, nami nacheka. Lakini haya yaliyonifika sikuhadithiwa. Yalinifika asubuhi kweupe, na baadhi ya waliokuwapo wangali hai.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Nilikuwa karani Kilindini, nina baiskeli ambayo kengele yake, niamini, ilisikika Zanzibar. Kila Jumapili nilitoka Mji wa Kale nikaenda mnara wa taa, nikala muhogo wa kuchoma wa Bi Mwanasiti. Nikaipita bandari hadi Makupa, kwa viazi vya karai vya Mzee Bakari, vya moto hata ulimi ukaomba likizo. Mwisho wa safari ni Kibokoni, kwa Zuhura, aliyeuza mahamri na mbaazi dirishani kwao.

Zuhura ndiye aliyekuwa ugonjwa wangu. Nilitaka awe mke wangu, na wivu niliokuwa nao ungeendesha meli. Sudi, fundi cherehani wa jirani, akiongezewa mchuzi, mimi silali. Paka akirushiwa kipande cha hamri, namwonea wivu paka! Basi baharia mmoja aliponieleza ile dawa ya kuzunguka kisiwa, niliisadiki kabla hajamaliza chai yake.

Jumapili ya kwanza Bi Mwanasiti akaniita, "Salaam alaikum, mwanangu!" Nikapita kimya. Wajua kuacha salamu pwani hii ni nini? Ni kumtemea mtu mlangoni kwake. Mzee Bakari akasalimu, kimya. Zuhura akasalimu, kimya. Jumapili ya pili vivyo hivyo, na tumbo likilia kwa sauti kuliko kengele.

Ya tatu, nafika mnara wa taa, Bi Mwanasiti hakusalimu. Alicheka tu. "Umerudi? Si umekula sasa hivi! Na leo ulivyonisalimu, hata marehemu mume wangu hakunisalimu hivyo."

Nani kala? Sikuweza kuuliza, dawa ingeharibika. Nikakanyaga pedeli. Makupa, Mzee Bakari akanipungia kijiko: "Yakhe, vyatosha! Sahani mbili zote hizo, sasa wataka karai lenyewe?"

Hapo damu ikanichemka. Kuna mtu yuko mbele yangu, anakula chakula changu, anapokea tabasamu zangu, na njia hii yaishia kwa Zuhura! Niliiendesha ile baiskeli hadi nikaona moshi ukitoka kwenye magurudumu, wallahi, au ulikuwa unatoka kichwani mwangu.

Nikakunja kona ya Kibokoni, nikamwona. Alikuwa mimi. Shati langu, kiraka changu begani, baiskeli yangu imeegemea ukuta. Ila hakuwa na tone la jasho. Ameshika sahani ya mbaazi, na Zuhura anacheka, amejiziba mdomo kwa leso. Hajapata kunichekea hivyo hata siku moja.

Akageuka, akanitazama, akasema polepole kwa sauti yangu, "Alaikum salaam." Mimi sikuwa nimemsalimu. Akapanda baiskeli, akaingia kichochoro cha pembeni, ambacho mwisho wake ni ukuta mtupu. Nikamfuata mbio. Alama ya gurudumu ilikwenda hadi ukutani, ikakoma.

Mwenye akili angeogopa. Mimi nilirudi dirishani na wivu wangu.

"Ulikuwa ukicheka na nani?"

"Na wewe, kaka," Zuhura akasema, ameduwaa.

"Mimi ndiyo kwanza nafika! Kumbe kila apitaye wamchekea?"

Wateja wakanigeukia. Sudi akaweka kikombe chini. Zuhura akazifunika mbaazi kwa kawa, akavuta dirisha. Kabla mwezi haujaandama, Sudi alikuwa ameshamwoa.

Hadi leo nikisahau kujibu salamu ya mtu, nasikia kengele nyuma yangu, na sauti yangu mwenyewe ikiijibu ile salamu. Nawe unayesoma, usiiache salamu njiani. Yuko wa kuiokota, na hataishia kwenye salamu.

Miaka mingi baadaye nilimweleza shangazi yake Zuhura habari za dawa ya yule baharia. Hakucheka.

"Hapakuwa na dawa yoyote, mwanangu," akasema. "Zuhura alikuwa akikungoja wewe. Ungelimtuma mjomba wako aje kuposa, tungelikubali siku ile ile."