Kanga ya Mashine ya Nangurukuru

Pazi, dereva wa kukodiwa wa Lindi, ana domo. Tangu anunue gari la umeme, lisilonguruma hata kidogo, hakosi kuwacheka wenzake kwenye foleni ya petroli. Siku hiyo domo lilimkauka. Alifika Nangurukuru betri ikiwa taabani, na mashine ya kuchaji, ya pekee njia yote ile, ikagoma: inawaka kidogo, inazima.

Nyuma alikaa Bi Tawakali, nyakanga wa Nyangamara, anayewafunda wasichana unyagoni. Pazi alimfuata Dar, alikokwenda kumuuguza dada yake, kwa sababu jioni ile wanawali walikuwa wanatolewa ndani, na bila nyakanga hakuna anayevuka kizingiti. Mmoja wao alikuwa bintiye Pazi. Kesho yake shule zinafunguliwa, hivyo siku haikuweza kusogezwa.

"Nimemwahidi mwanangu," Pazi alisema, roho juu. "Nitamtazama na uso gani?"

Getrude, mhudumu wa kituo, alisikitika kweli. "Naitunza kama mtoto, kaka. Jua lilipozidi, nikaifunga na kanga isiungue."

Na alikuwa ameifunga hasa! Kanga mbili mpya, shingoni hadi miguuni, mashine imependeza kama bibi harusi.

"Mjukuu wangu," Bi Tawakali alimwambia, "adhuhuri imeingia na mkeka sina. Niazime kanga hizo nitandike."

Getrude alisita, lakini mkubwa akiomba utasemaje? Akafungua. Joto likaitoka mashine ubavuni kama mdomo wa tanuri, na matundu ya hewa yakaonekana.

"Mama yangu! Kumbe nimeiziba pua!"

Bibi alisali bila haraka. Alipokunja kanga, feni ilikuwa inavuma. Pazi akachomeka tena. Umeme ukaingia, na safari hii haukukatika. Pazi akacheka peke yake kwa raha, akamshukuru Mungu, akamsamehe Getrude hata kabla hajaombwa.

Nyangamara walifika jua likiwa bado juu ya mikorosho. Bi Tawakali akaingia ndani; Pazi, kama wanaume wengine, akabaki uani akisubiri. Vigelegele vikapasuka. Wanawali wakatoka, vichwa vimeinama, maana mwali hamtazami mtu.

Binti yake alipopita karibu, alinong'ona bila kuinua macho: "Baba, kila gari lililonguruma nililisikiliza. La kwako sikulisikia. Nikajua huji."

Pazi aligeukia ukuta, akalia bila kuona haya.